Kutoka kilima cha Wazo hadi Mbudya: amana iliyo baharini

Jiwe linalochimbwa katika kilima cha Wazo na kusagwa kuwa saruji lilikuwa bahari. Ni mwamba wa matumbawe, uliojengwa chembe kwa chembe na viumbe wadogo, mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu kuufikia. Nyumba zetu nyingi hapa Dar es Salaam, na misikiti tunayosalia, zimesimama kwa kazi ya viumbe hao.

Ndugu zao walio hai hawako mbali. Ukitazama mashariki kutoka Wazo utaviona visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo, ambavyo pamoja na Fungu Yasini vilifanywa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Familia nyingi hupanda boti Kunduchi siku za Idd kwenda kupumzika huko. Chini ya boti hizo yapo matumbawe, malisho na maficho ya samaki wanaolisha nyumba za wavuvi wetu.

Tumbawe ni mnyama, wala si jiwe tupu. Mwenyezi Mungu amemjaalia mshirika: mimea midogo mno inayoishi ndani ya mwili wake, ikimpa chakula na rangi. Joto la maji likizidi kwa takriban nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Joto likipungua mapema hupona. Likiendelea, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Tanzania na Kenya yalipauka na kufa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba mpauko umeikumba dunia nzima kwa mara ya nne.

Kasa naye yumo katika mtihani huo huo. Aina 5 za kasa huonekana katika bahari yetu, na kasa wa kijani hutaga katika fukwe kadhaa, zikiwemo za Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke. Mama hufukia mayai yapatayo 100 mchangani na kurudi majini. Baada ya miezi 2 hivi watoto hutoka. Ajabu ni kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia yao: karibu na nyuzi 29 huchanganyika, mchanga ukizidi joto huwa majike. Huko Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliotoka fukwe za kaskazini ni majike. Je, kizazi kisicho na madume kitaendelea vipi?

Qur'ani Tukufu, katika Surat Ar-Rahman, imeitaja marijani miongoni mwa neema zitokazo baharini. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, tunaonywa kuwa uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu. Ni kweli kwamba moshi mwingi unaoipasha dunia joto haukutoka kwa mvuvi wa Kunduchi, na haki inadai waliochafua zaidi wabebe mzigo mkubwa zaidi. Lakini hata sisi tumo. Jiwe la chokaa linapochomwa kuwa saruji hutoa hewa ya ukaa. Tumbawe la kale linasaidia kulichemsha tumbawe lililo hai. Aidha, ni mikono yetu iliyolipua baruti, ikakokota makokoro na kukata mikoko. Mwamba uliokwisha kujeruhiwa hivyo huwa na nguvu ndogo ya kupona joto linapopita.

Basi tuanzie nyumbani. Tunapowapeleka watoto Mbudya, tuwafundishe kutokanyaga matumbawe na kutonunua makombe wala magamba ya kasa. Turudi na taka zetu, kwani kasa huimeza mifuko ya plastiki akidhani ni yavuyavu. Tusinunue samaki wa baruti, hata kwa bei ya chini. Akionekana kasa anataga, tuzime taa, tumwache amalize.

Bahari ni amana. Tuliipokea ikiwa hai, na tutaulizwa tulivyowakabidhi watoto wetu.