Baada ya Arubaini, Sukari Ipimwe Tena

Visiwani Lamu mzazi hulelewa. Siku 40 hukandwa maji moto, hupikiwa supu na uji, na wanawake wa mtaa huingia na kutoka kumtazama. Lakini kama mimba ile ilikuwa na kisukari, arubaini inapokwisha kuna jambo moja limebaki, nalo wengi huliacha: kupima sukari upya.

Kisukari cha ujauzito huanzia kwenye kondo la nyuma. Homoni zake hupunguza nguvu ya insulini, na kongosho lisipomudu kuongeza nyingine, sukari hupanda. Hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kunywa gramu 75 za glukosi.

Yote haya hutokea wakati moyo tayari una kazi kubwa, kwani mimba huufanya usukume damu karibu nusu zaidi ya kawaida. Sukari nyingi huudhuru utando wa ndani wa mishipa, ikashindwa kutanuka vizuri. Ndiyo maana maradhi haya mara nyingi huandamana na presha.

Kondo likitoka, sukari hushuka na nyumba nzima hushukuru. Hapo ndipo watu hujidanganya. Mwaka 2019 watafiti wa Toronto, Kanada, walichambua tafiti 9 zenye wanawake zaidi ya milioni 5. Waliowahi kuwa na kisukari cha ujauzito walikabiliwa na hatari maradufu ya maradhi ya moyo na kiharusi, na tofauti hiyo ilionekana ndani ya miaka 10 tu baada ya kujifungua. Hata wale ambao kisukari hakikuwarudia hawakusalimika: hatari yao ilizidi kwa zaidi ya nusu.

Anayeishi Faza au Kizingitini hawezi kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu kila apendapo. Kuna nauli ya boti, kuna maji kupwa. Bahati nzuri, mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, ambazo ni siku mbili tu baada ya arubaini. Safari ya kliniki ipo tayari. Aliyebebwa hupimwa uzito na kuchanjwa, na aliyembeba hurudi hivyo hivyo.

Nyumbani nako, wali wa nazi si haramu, ila upungue, na halwa na kaimati vipungue zaidi. Kunyonyesha nako husaidia kukiepusha kisukari cha kudumu.

Basi mama, siku ya chanjo uliza mapema kama uende bila kula, kisha wakupime sukari na presha. Ukikutwa salama, rudia kipimo cha sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu.