Mwanafunzi wa Fedha na Nafasi ya Mafunzo kwa Vitendo



Vijana wengi waliopita madrasa hivi sasa wako vyuoni wakisoma fedha, uhasibu na benki. Likizo ndefu inapofika hutakiwa kwenda kazini kwa karibu miezi miwili. Hayo ndiyo mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama wanavyoiita wenyewe. Shida huanzia hapo. Wengi hupeleka barua mwezi wa Juni, tena kwenye makao makuu ya benki zile zile tatu nne za Dar es Salaam. Wakikosa jibu, mzazi husema mwanawe hana wa kumshika mkono.

Kujuana kupo, hatukatai. Lakini mara nyingi kilichowakosesha ni kuomba mahali pamoja wakati mmoja. Kwani fedha iko benki tu? Hospitali ina mhasibu, halmashauri ina mweka hazina, kiwanda na shule vivyo hivyo. Kampuni ndogo ya ukaguzi wa hesabu yenye watu wanne watano humfunza mwanafunzi mengi, maana kazi ni nyingi na mikono ni michache. Atapewa stakabadhi na vitabu halisi avipitie. Katika ofisi kubwa anaweza kumaliza muda wake akipanga fomu.

Sasa lipo suala linalowasumbua vijana wetu, nalo ni riba. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inamtaja pamoja na mla riba yule anayeiandika na mashahidi wake. Ndiyo maana wengi hawataki kukaa dawati la mikopo, na wana haki ya kujihadhari. Mwenye shaka amwendee sheikh wake na kumweleza kazi yenyewe atakayofanya, si jina la ofisi tu. Tena milango iko. Amana Bank ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka huo huo Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma zake za Kiislamu. Nchini Kenya, Gulf African Bank ilianza mwaka 2008.

Anayeomba huko aende anajua wanachofanya. Kwa mfano, akiulizwa murabaha aweze kueleza hivi: mteja anataka pikipiki ya shilingi 2,500,000, benki inainunua kwanza, inaimiliki, kisha inamuuzia kwa shilingi 2,900,000 kwa awamu, na faida hiyo ameijua tangu mwanzo. Bei ikishakubaliwa haipandi, hata akichelewa kulipa. Ajabu ni kwamba wapo wanaomaliza mwaka wa tatu bila kuweza kueleza haya kwa Kiswahili chepesi, na wateja wengi ndiyo lugha yao.

Kuhusu barua, ianze kupelekwa Februari au Machi. Chukua barua ya utambulisho chuoni, andika na yako ya ukurasa mmoja, taja tarehe za kuanza na kumaliza, na useme unataka kitengo gani. Ipeleke mwenyewe masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili rudi ukaulize kwa adabu. Usisahau matawi ya mikoani: Tanga, Mtwara au Chake Chake waombaji huwa wachache kuliko mjini. Mtu akikudai pesa ili akupatie nafasi, muache. Ofisi nyingi hazilipi wanafunzi, hivyo nauli na chakula vipangwe nyumbani mapema. Mwenye mkopo wa Bodi aangalie kama fungu la mafunzo kwa vitendo limo.

Katika Suratu Yusuf, Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za nchi alitaja sifa zake mbili: kuhifadhi na kujua. Hakutaja ukoo wake. Mwanafunzi naye aonyeshe alichokwisha kufanya. Msikiti una michango, madrasa ina ada, na duka la baba lina madeni ya wateja. Omba daftari la miezi mitatu, uliingize kwenye Excel, ulilinganishe na taarifa ya benki, kisha uandike palipopishana na sababu yake. Kazi hiyo, yakifutwa majina ya watu, iambatanishe na barua yako. Mweka hazina wa msikiti atafurahi kupata msaidizi, na wewe utakuwa na cha kuzungumza utakapoitwa.