Je, Kijana wa Tunduma Anaweza Kuzunguka Dunia?



Pale mpakani Tunduma huwa tunawaona wageni wenye baiskeli zilizosheheni mizigo, wakitokea Cairo kuelekea Cape Town. Wengine wako njiani mwaka mzima. Nasi tunajiuliza: je, sisi tunaweza?

Kwa upande wa kusini, ndiyo. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Ukiwa nayo unavuka Nakonde, unapanda basi hadi Lusaka, kisha unapita Zimbabwe au Botswana mpaka Afrika Kusini bila kuomba viza. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Ulaya ni habari nyingine. Huko wanataka viza, taarifa za benki na uthibitisho kwamba utarudi. Hapo ndipo mtu anaposhawishika kuuza shamba ampe wakala asiyemjua. Tusifike huko.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini muhuri wa mgeni haumruhusu kushika jembe. Kwa hiyo kila siku ya safari hula akiba iliyochumwa nyumbani, iwe kwenye kahawa ya Mbozi au dukani Tunduma.

Darasani tunamsoma Kant, aliyefundisha jiografia miaka mingi bila kusafiri mbali na Königsberg. Hatusemi tusitoke. Tunasema tukae kwanza tuhesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara (Lk 14:28).