Mzazi Mmoja Akimvusha Mtoto Mpaka

TUSEME, msomaji, wewe ni mama na unaishi Nariokotome, kule kaskazini mwa Turkana ambako mifupa ya yule mvulana wa kale ilipatikana mwaka wa 1984. Mmekosana na mumeo. Siku moja unarudi kutoka kuteka maji na kupata ameondoka na mtoto. Mpaka wa Ethiopia hauko mbali, na magharibi kuna Uganda. Je, utamshtaki kwa wizi wa mtoto?

Wengi hudhani hivyo. Sheria ya jinai, kifungu cha 174, yaweza kumfunga miaka saba anayeiba mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini kifungu hicho hicho humwachia mzazi upenyo: akithibitisha kwamba aliamini kwa nia njema kuwa ana haki ya kukaa na mtoto, anaponyoka. Usishangae basi polisi wakikuambia hayo ni mambo ya nyumbani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, huwapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Hapo hugongana na mila. Kwa Waturkana, mwanamume ambaye hajatoa mahari hana watoto. Hao ni wa babake msichana. Mzee wa boma atakuambia hivyo bila kusita. Hakimu ataangalia kwanza maslahi ya mtoto. Binafsi naona hakimu yuko sawa, ingawa mara nyingi mzee ndiye anayejua mtoto yuko wapi.

Akishavuka mpaka, kazi ipo. Mkataba wa Hague wa 1980 huzitaka nchi wanachama zimrudishe mtoto upesi kule alikokuwa akiishi. Kenya haimo. Wala Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini hazimo. Itabidi uanze kesi upya ugenini, kwa wakili wa huko na pesa zako mwenyewe. Na usidhani ni shida ya wafugaji tu: mkazi wa Nairobi ambaye mwenzake amepanda ndege na mtoto kwenda Uingereza hawezi kuutegemea mkataba huo.

Kambini Kakuma, mkimbizi akipata nafasi ya kuhamia nchi nyingine pamoja na mtoto, UNHCR huuliza kwanza mzazi wa pili yuko wapi na kama amekubali.

Kwa hivyo wahi. Piga simu ya bure 116, mwone afisa wa watoto, kisha uende kortini Lodwar au Kakuma uombe amri chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, ili mtoto aletwe mbele ya hakimu na asitolewe nchini. Beba cheti chake cha kuzaliwa, picha ya karibuni, na majina ya walioona njia waliyoshika.