Kifaa kisichojulikana kwa jina

MTU akiingia msitu wa Kakamega kupitia Isecheno, eneo la Shinyalu, huenda akaonyeshwa mti ambao Waluhya huuita mukomari. Mgeni Mkikuyu atasema huo ni muringa. Wataalamu wa mimea, ili kumaliza ubishi, waliupa jina moja la dunia nzima: Cordia africana.

Kompyuta nazo zina tatizo la majina, hata ile iliyo mfukoni mwako, ndugu msomaji. Simu ya Android huendeshwa na programu kuu iitwayo kerneli ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Ndani yake mna madraiva. Hao si wa matatu! Ni programu ndogo, kila moja ikiongoza kifaa chake: kamera, spika au kioo.

Je, draiva itajuaje kifaa chake kipo wapi? Vifaa vingi vidogo haviwezi kujitambulisha. Zamani, kwa mashine nyingi za aina ya ARM, habari hizo ziliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, hadi mwaka 2011 Torvalds alipolalamika hadharani kuhusu msongamano huo. Dawa ikawa kuziweka katika faili ya kando iitwayo mti wa vifaa.

Tuseme mwanafunzi wa Shinyalu anataka kupima unyevu wa hewa msituni. Ana kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kipimo kiitwacho BME280 cha kampuni ya Bosch. Kwenye mti wa vifaa ataandika “bosch,bme280”, kisha anwani yake, 0x76 au 0x77. Akikosea herufi, huenda draiva isikitambue.

Maneno hayo hayabuniwi ovyo. Kila kifaa kina kanuni zake za maelezo, na anayeleta kifaa kipya huleta kanuni hizo mbali na draiva, na kabla yake. Wakaguzi huzichambua mbele ya watu wote.

Swali lao kubwa ni hili: maelezo haya ni ya kifaa, au ni ya programu? Anwani na umeme unaokiendesha ni mambo ya kifaa. Kipime mara ngapi kwa dakika? Hayo ni matakwa ya mtumiaji, nayo hukataliwa. Jina la kubahatisha, lenye kukusanya vifaa vingi pamoja, hukataliwa pia. Ukali huo una sababu: jina likishakubaliwa, mashine zilizokwisha kuuzwa hulitegemea. Kulibadilisha ni kuziharibu.

Familia inahusikaje? Makampuni mengi ya simu huukwepa ukaguzi huo na kubaki na kerneli zao wenyewe. Kampuni ikiacha kuitunza simu, kasoro za usalama hazizibwi tena, ingawa kioo na betri ni vizima. Mzazi hulazimika kununua nyingine. Kifaa ambacho maelezo yake yamepita ukaguzi kinaweza kuendelea kutunzwa na watu wengine kwa miaka mingi.

Wanafunzi nao wazingatie jambo hili. Faili hizo ziko wazi, programu ya kuzikagua ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kutoa maoni. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na subira ya kusoma karatasi ya maelezo ya kifaa mstari kwa mstari. Haraka haraka haina baraka.