Kiungulia: Moto Kifuani mwa Mfanyakazi



Huku kwetu Mudende, chini ya milima ya volkano, siku huanza kwa baridi. Wengi wetu huingia shambani tukiwa na chai tu tumboni. Tunainama kwenye viazi mpaka jua linazama. Chakula kamili huja usiku, na mara baada yake usingizi. Ndipo moto hupanda kutoka tumboni hadi kooni, na maji machungu hujaa mdomoni. Hicho ndicho kiungulia.

Tumbo hutoa tindikali ya kusaga chakula. Pale linapoungana na umio, yaani njia ya chakula, pana msuli unaofunga kama mlango. Tumbo likijaa mno, au tukiinama au kulala tukiwa tumeshiba, tindikali hupenya ikapanda juu. Tumbo huihimili, lakini umio huungua. Pombe na sigara huulegeza mlango huo.

Basi tufanye hivi:

1. Tugawe chakula. Viazi vichache na maharage mchana, ili usiku tule kiasi.
2. Zipite saa 3 kati ya kula na kulala. Aliyekula saa 1 jioni alale saa 4.
3. Tuinue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, kadiri ya sentimita 15, na tulale ubavu wa kushoto.
4. Tusimeze ovyo aspirini au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo; huumiza tumbo.
5. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu. Si tiba.

Kiungulia kikirudi mara mbili au zaidi kwa juma, twende kituo cha afya kwa bima ya mituweli. Dawa ya omeprazoli, tukiandikiwa, kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula.

Lakini anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekwamwa na chakula au anayekonda bila sababu asingoje. Na maumivu ya kifua yanayoenea mkononi pamoja na jasho huenda ni ya moyo: hospitali saa ile ile.

Ndugu, nafasi ya kula mchana si uvivu. Pale isipotolewa, tulilete jambo hilo katika mkutano wa tawi. Mmoja akisema ataambiwa mlafi. Tukisema sote tutasikilizwa.