Magari ya Kukodi Mjini na Sheria Zake

Wasikilizaji wangu, leo napenda kuzungumza nanyi juu ya magari ya kukodi, yaani teksi, na sheria zinazoyatawala katika mji mkubwa. Huenda mwingine aliye shamba akasema, "Jambo hili lanihusu nini mimi, nisiyepanda teksi ila mara moja kwa mwaka?" Tafadhali asikilize mpaka mwisho, maana ndani yake mna habari ya watu wa kazi waliokopa fedha kwa kutumaini sheria, na tumaini lile likawaponza.

Kwanza tufikiri habari ya malisho ya kijiji. Malisho si ya mtu mmoja. Kila mfugaji hujiambia, "Nikiongeza ng'ombe mmoja tu, nani atadhurika?" Jirani yake naye husema vivyo hivyo, na jirani wa jirani yake pia, hata majani yakaisha na ng'ombe wote wakakonda. Barabara ya mjini ni kama malisho hayo. Kila mwenye gari huona lake ni moja tu. Tena gari la kukodi lina jambo la zaidi: hata likiwa halina abiria huzunguka njiani likimtafuta, nalo huchukua nafasi ileile.

Mji wa New York, katika Marekani, ulionja shida hiyo katika miaka ya 1930. Wakati ule biashara ilianguka, watu wengi wakakosa kazi, na wengi wakakimbilia kuendesha teksi. Magari yakazidi abiria. Nauli zikashuka, madereva wakafanya kazi saa nyingi mno, na magari hayakutengenezwa ipasavyo. Mwaka 1934 madereva waligoma. Ndipo mwaka 1937, wakati wa Meya Fiorello La Guardia, ilipotungwa sheria ya kuweka mpaka wa idadi ya teksi. Kila teksi iliyoruhusiwa ilipewa kibao cha bati chenye namba, kikafungwa juu ya boneti. Ada yake ilikuwa dola 10 tu.

Sheria ile ilileta faida. Abiria alijua kwamba gari lenye kibao limekaguliwa na nauli yake imepangwa. Dereva naye akapata riziki yake. Lakini dawa, kipimo chake kisipoangaliwa, huweza kudhuru. Baada ya vita kuu ya pili idadi ya vibao ilikuwa 11,787, na ikabaki hivyo mpaka mwaka 1996, ingawa mahitaji ya watu yalikuwa yamebadilika sana. Kitu kilicho adimu hupanda bei. Kibao kiliweza kuuzwa na kununuliwa, basi kikawa kama shamba au nyumba. Mji wenyewe uliuza vibao vipya kwa mnada na kupata mapato makubwa. Hata mwaka 2014 bei ya kibao kimoja ilipita dola 1,000,000.

Ni nani aliyeweza kulipa fedha kama hizo? Matajiri walinunua vingi wakawakodisha madereva. Lakini walikuwako pia madereva wa kawaida, wengi wao wageni waliohamia kutoka Bangladesh, India, Pakistan, Haiti na Afrika, waliokopa ili wajipatie mali yao wenyewe. Waliambiwa kwamba bei ya kibao haishuki kamwe.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 2011 kampuni ya Uber ilianza kazi New York. Desturi yake ni hii: abiria hasimami njiani kupunga mkono, bali huita gari kwa programu iliyo katika simu yake ya mkononi. Programu humtafuta dereva aliye karibu, hutaja nauli, na kampuni hukata sehemu yake. Kwa sheria, haki ya kibao ilikuwa kumchukua abiria anayepunga mkono njiani. Gari lililoitwa mbele kwa mpango lilikuwa katika fungu jingine, na fungu hilo halikuwekewa mpaka wa idadi. Yaani sheria ilihesabu vibao, haikuhesabu magari. Ufa ulikuwa hapo, na katika ufa huo magari yakapita kama maji. Kufikia mwaka 2018 magari yaliyoitwa kwa simu yalikuwa takriban 80,000, na teksi zenye vibao 13,587.

Abiria wengi walifurahi, wala hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyekaa mbali na katikati ya mji, ambaye teksi zilimpita bila kusimama, sasa alipata gari mlangoni pake. Lakini njia za Manhattan zilijaa hata gari likaenda polepole karibu sawa na mtu wa miguu. Bei ya kibao ikaanguka chini ya dola 200,000, na deni likabaki palepale. Mwaka 2018 madereva kadhaa wa magari ya kukodi walijiua, baadhi yao wakiwa wamelemewa na madeni.

Ndipo wakubwa wa mji walipoamka. Mwezi wa Agosti 2018 walizuia ruhusa mpya kwa magari ya kuitwa kwa simu, isipokuwa yale yanayoweza kuchukua watu wa viti vya magurudumu. Tangu Februari 2019 makampuni makubwa yaliamriwa kuwalipa madereva kwa kipimo cha dola 17.22 kwa saa, baada ya kutoa gharama za gari. Kipimo hicho kilihesabu hata muda ambao dereva yuko njiani bila abiria, ili kampuni isijaze mji kwa magari matupu. Lakini binadamu ni mwenye hila. Mwaka uleule makampuni yakaanza kuwazuia madereva wasiingie katika programu saa za wateja wachache.

Na wale wenye madeni? Mwaka 2021 walikaa mbele ya ofisi za mji usiku na mchana, na baadhi yao wakafunga kula kwa siku 15. Mwezi wa Novemba mji ulikubali kudhamini mikopo yao, na mkopeshaji aliye mkubwa akakubali kuipunguza mpaka isizidi dola 170,000. Walipata nafuu, lakini wengine walikuwa wamekwisha kupoteza kila kitu.

Jambo hili limefika na kwetu pia. Mwaka 2022 Kenya iliweka kanuni kwamba kampuni isikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Mwaka huohuo Tanzania iliweka asilimia 15, Uber ikasimamisha kazi yake, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa kuwa asilimia 25. Mwaonao jinsi ilivyo kazi kupata kipimo: kikiwa kikubwa dereva huumia, kikiwa kidogo kampuni huondoka.

Basi tujifunze nini? Mpaka wa idadi si jambo baya, maana malisho bila mpaka huisha. Lakini mpaka huo uhesabu kila gari linalofanya kazi ileile, liwe limeitwa kwa mkono au kwa simu. Uangaliwe upya mara kwa mara, watu na desturi zinapobadilika. Tena hati ya ruhusa isigeuzwe kuwa mali ya mnada. Maana serikali ikiuza ruhusa kwa bei kubwa, kisha ikaiacha ipoteze thamani, anayelipa ni mtu aliyeiamini. Na ninyi mnaotaka kukopa ili mnunue gari au leseni, mtu akiwaambia kwamba bei ya kitu fulani haishuki kamwe, mwulizeni kwanza: ni nani anayeilinda bei hiyo, na atailinda mpaka lini?